Anayechelewesha hukumu naye ana deni

Pakitokea mgogoro wowote katika nchi hii, uwe wa ardhi, wa fedha za umma au wa mpira, mwananchi huambiwa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza kwamba uchunguzi unaendelea, na pili kwamba avute subira. Ukiyatazama maneno hayo moja moja hayana ubaya. Uchunguzi ni jambo jema, maana hukumu bila ya uchunguzi ni ubabe. Subira nayo sote tunajua daraja yake. Tatizo ni pale maneno hayo mawili yanapofungwa pamoja na kukabidhiwa mtu ambaye haambiwi uchunguzi utakwisha lini, unachunguza nini, wala nani anayechunguza.

Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili. Mwenye mamlaka ya kuhukumu akichelewa pasipo sababu, je, amefanya uzembe wa kazi tu, au amedhulumu? Na kama amedhulumu, amemdhulumu nani? Maana wapo wanaosema kwamba wenye kesi ni wale wawili waliosimama mbele ya hakimu, na sisi wengine wote ni watazamaji, hatuna tunachodai.

Mfano wangu nitautoa katika mpira wa miguu. Najua watakuwapo watakaoguna, eti watu wana mambo mazito, huyu anatuletea Simba na Yanga. Niwaombe radhi, lakini niwaulize pia: kijana wa kawaida wa mitaani kwetu ameona wapi sheria ikifanya kazi? Mahakama Kuu hajawahi kuingia. Bungeni haendi. Kanuni za zabuni hazijui. Lakini kila wiki anamwona mtu mwenye filimbi akiamua baina ya watu wawili, na anaisoma orodha ya pointi kama mfanyabiashara anavyosoma daftari lake. Kwa kijana huyo, mpira ndio darasa lake la sheria. Anachofundishwa humo juu ya haki ndicho atakachokwenda nacho kwenye baraza la kata.

Tukumbushane yaliyotokea. Machi 8, 2025, wiki ya kwanza ya Ramadhani, Yanga na Simba walipangwa kucheza katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Yanga wakiwa wenyeji. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walikwenda uwanjani kufanya mazoezi ya mwisho, wakazuiwa kuingia. Wakatoa taarifa kwamba kanuni ya 17, kifungu cha 45, inampa mgeni haki ya kuufanyia mazoezi uwanja wa mechi, haki hiyo wamenyimwa, basi hawatacheza. Yanga wakasema mechi ipo palepale, na asiyefika apokwe pointi. Mchana wa siku ya mechi Bodi ya Ligi Kuu ikatangaza kuiahirisha, ili mambo yaliyotokea yapate kuchunguzwa.

Siku hiyo mimi sikuwa Dar es Salaam wala nyumbani kwangu Mwanza. Nilikuwa Matongo, wilayani Tarime, nimekwenda kumjulia hali shemeji yangu ambaye ni mwalimu huko na alikuwa ametoka kuugua. Kwa wasiopajua, kata ya Matongo iko jirani kabisa na mgodi wa dhahabu wa North Mara, katika eneo ambalo wengi huliita kwa ujumla Nyamongo. Ni mahali penye vumbi, bodaboda, maduka ya vipuri, na vilima vya mawe ya mgodi ambavyo mgeni anaweza kudhani viliumbwa pamoja na dunia. Waislamu pale si wengi. Kofia yangu ilinitangulia kila nilikokwenda, na hadi ninaondoka watoto wa mtaa ule hawakuwa na jina langu jingine isipokuwa Shehe.

Shemeji ana vijana wawili, mmoja Simba na mwingine Yanga, wanalala chumba kimoja na sijui wanalalaje. Kibanda umiza cha pale kilikuwa kimekwisha anza kukusanya fedha za watu tangu asubuhi, shilingi elfu moja kwa kichwa, na mwenye kibanda alikuwa amenunua petroli ya jenereta kwa tahadhari ya umeme kukatika. Habari ya kuahirishwa ilipofika alikataa kurudisha fedha. Hoja yake ilikuwa kwamba mechi haijafutwa bali imeahirishwa, kwa hiyo fedha zinaendelea kusubiri pamoja na mechi. Watu wakaja juu. Nilichokiona mimi ni kwamba mtu yule alikuwa ameielewa vizuri sana lugha ya wakubwa, akaitumia hapo hapo.

Mtaa wa pili kulikuwa na kijana aliyekuwa amepanda basi tangu Alhamisi kwenda Dar es Salaam kuiangalia mechi hiyo kwa macho yake. Nauli aliitoa katika kibarua cha kusaga mawe. Nilimsikia baba yake akimpigia simu, hana hasira, anamwambia tu: "Mura, rudi nyumbani." (Wale waliokuwa wameweka fedha zao kwenye kubashiri siwazungumzii hapa. Hao wana hesabu yao nyingine.)

Jioni, baada ya futari, vijana wa shemeji wakabishana mbele yangu. Wa Yanga anasema pointi tatu na mabao matatu zitolewe leo leo, kanuni iko wazi, kuna uchunguzi gani? Wa Simba anasema hapana, lazima ichunguzwe kwanza nani alifunga geti, hata kama ni mwaka mzima. Wakanigeukia niwaamue. Nikawaambia mimi ni mtu wa Pamba, na timu yetu ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 hadi iliporudi mwaka 2024, kwa hiyo juu ya kusubiri niulizeni mimi. Walicheka, lakini swali lao lilibaki mezani, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Kwa maana ukiwasikiliza vizuri, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akizungumzia haraka au pole. Kila mmoja alikuwa anazungumzia faida. Anayedhani hukumu itampa anataka iharakishwe, na anayeogopa itamnyima anataka ichunguzwe kwa kina. Hiki ni kitu cha kwanza cha kukiri tunapolalamika. Sisi mashabiki si mashahidi waaminifu wa ucheleweshaji. Mwaka 2016 vijana wetu wa Serengeti Boys walitolewa na Congo Brazzaville katika safari ya kwenda fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Tukawasilisha malalamiko kwamba mchezaji mmoja wa wenzetu amezidi umri. Congo wakatakiwa wampeleke mchezaji huyo kupimwa, wakashindwa kumfikisha. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Shirikisho la Afrika likawaondoa, na sisi tukaingia tukaenda Gabon. Miezi kadhaa ilipita katikati. Nani kati yetu aliandika gazetini kwamba uchunguzi ule ulikuwa mrefu mno? Shabiki wa Brazzaville je, aliyekuwa amekwisha sherehekea?

Kwa hiyo muda peke yake hautoshi kutuonyesha dhulma. Upo muda ambao haki yenyewe inauhitaji. Kumpima mtu umri kunataka aitwe, asafiri, apimwe, majibu yasomwe. Anayetaka hayo yafanyike kwa siku mbili hataki haki, anataka ushindi.

Na haraka nayo tumeiona matokeo yake. Aprili 2017 Kagera Sugar waliwafunga Simba 2-1 mjini Bukoba. Simba wakadai beki mmoja wa Kagera alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72, ambayo jina lake tu ni ahadi, ikawapa Simba pointi tatu. Wiki chache baadaye kamati nyingine ya TFF ikatengua uamuzi ule, pointi zikarudi Kagera. Msimu ulipokwisha Simba na Yanga walikuwa na pointi 68 kila mmoja, na Yanga wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Pointi tatu zile zingebaki zilikopelekwa kwanza, bingwa angekuwa mwingine. Hadi leo ukitaka kuharibu mazungumzo ya harusi yoyote, taja kadi tatu za njano.

Basi tofauti iko wapi baina ya muda unaohitajika na muda unaodhulumu?

Nadhani iko katika jambo ambalo Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alimwandikia Abu Musa al-Ash'ari alipokuwa akihukumu baina ya watu. Barua hiyo ni mashuhuri, na Ibn al-Qayyim aliishereheshea kwa urefu mkubwa. Miongoni mwa maagizo yake ni kwamba mtu anayedai ana ushahidi ambao haupo mbele ya hakimu awekewe muda maalumu. Akiuleta ndani ya muda huo apewe haki yake, asipouleta ahukumiwe. Tazameni hekima iliyopo hapo. Umar hakusema watu waharakishwe, wala hakusema wasubirishwe. Alisema wawekewe muda. Muda ukishatajwa, yule anayesubiri anajua anasubiri nini, na yule anayechunguza anajua kwamba atahesabiwa. Usipotajwa, anayesubiri amekabidhiwa kwa hisani ya anayechunguza.

Tangazo la Machi 8 lilitwambia kuna mambo ya kuchunguzwa. Siku ya kujibiwa halikuitaja. Hapo ndipo ninapoona dhulma ilipoanzia, siku ile ile ya kwanza, kabla hata haijapita saa moja ya kuchelewa.

Kuna mzee mmoja jirani ya shemeji, mtu wa makamo ya juu, hana timu. Alikuwa amekaa pembeni akisikiliza ubishi wa vijana. Akasema kwa utulivu kwamba vijana wasipoteze sauti zao, maana yeye amekaa Matongo miaka mingi na amegundua kwamba uchunguzi ni namna ya kumwambia mtu hapana bila ya kumwudhi. Nilimwuliza kwa nini anasema hivyo. Akanionyesha kwa mkono upande wa mgodi, akauliza kama nimewahi kusikia neno tegesha.

Neno hilo nilikuwa nimelisikia, lakini pale ndipo nilipolielewa. Habari zikienea kwamba eneo fulani litafanyiwa tathmini ili watu walipwe fidia wapishe mgodi, hujitokeza watu wakajenga nyumba za harakaharaka na kupanda mazao yasiyokusudiwa kuvunwa, wapate kuhesabiwa. Hiyo ndiyo tegesha. Wakubwa huilaumu sana, na ni kweli ni udanganyifu, mtu asiitetee. Lakini mzee aliniuliza: tegesha inaota lini? Haioti siku ya tathmini. Inaota katika miezi na miaka ya kungoja tathmini, na tena katika miaka ya kungoja malipo. Muda ukiachwa wazi, mwerevu anajenga ndani yake. Halafu nyumba zikishakuwa nyingi husemwa kwamba zoezi limechelewa kwa sababu ya tegesha. Na yule mwenye nyumba ya kweli, aliyezaliwa humo na kuzika wazazi wake nyuma yake, anawekwa foleni moja na mtegeshaji. Ucheleweshaji umezaa udanganyifu, na udanganyifu umekuwa sababu ya ucheleweshaji.

Nikayarudisha maneno hayo kwenye mpira, nikaona yanaingia sawasawa. Baada ya Machi 8 kila upande ulitegesha. Matamko, mikutano na waandishi, masharti juu ya masharti. Yanga wakasema mechi hiyo hawaichezi tena, wakaenda hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, huko Lausanne nchini Uswisi. Mwezi Mei jibu likaja kwamba warudi kwanza wamalize ngazi za nyumbani. Bodi ikapanga Juni 15, kisha ikasogezwa hadi Juni 25. Wakati huo suala la awali, dogo kabisa, la nani alifunga geti na kanuni inasemaje, lilikuwa limezikwa chini ya majengo mapya ambayo hayakuwapo Machi. Lingeamuliwa ndani ya wiki mbili, liwe dhidi ya Simba au dhidi ya Yanga, upande mmoja ungenuna na mambo yangekwisha. Kwa kuachwa, likageuka kutoka kuwa suala la kanuni likawa suala la nani ana nguvu. Huo ndio ubaya wa hakimu anayechelewa. Haachi mambo yalivyo. Kiti chake kikikaa kitupu, mwenye nguvu zaidi hukikalia.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mei 8, 2021, Ramadhani vilevile, mechi ya hao hao ilisogezwa siku yenyewe ya mchezo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika kwa saa ya awali, wakaondoka, mechi haikuchezwa hadi Julai 3. Watu walikuwa wamekwisha ingia uwanjani. Ukiacha kutatua la 2021 kwa kanuni, ukalitatua kwa kupanga tarehe nyingine, basi ujue umewafundisha watu njia ya kupita mwaka 2025.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema shabiki hana kesi. Hoja yao ina sura ya sheria: mdai ni klabu, mdaiwa ni klabu, shabiki hata akilia damu hana saini yake mahali popote. Mimi naona sivyo. Kanuni za ligi hutungwa na kutangazwa kabla ya msimu kuanza. Kutangazwa kwake ni kumwambia kila atakayenunua tiketi kwamba atakachokiona ni mashindano, na kwamba atakayevunja masharti ataambiwa amevunja. Kwa ahadi hiyo ndipo yule kijana wa Matongo alipotoa fedha ya kibarua chake akapanda basi. Hakuahidiwa kwamba timu yake itashinda. Hakuahidiwa hata kwamba mvua haitanyesha. Aliahidiwa kwamba kuna kanuni na kuna mwenye kuisimamia. Kwa hiyo anachodai si pointi tatu, pointi ni za klabu. Anadai hukumu, na hukumu ni yake kama ilivyo ya klabu.

Kama ni deni, basi tunajua dini yetu inavyosema juu ya deni. Tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye uwezo wa kulipa akivuta muda anadhulumu. Asiye na uwezo hupewa nafasi, na kumpa nafasi ni sadaka. Mwenye uwezo anayesema njoo kesho, huyo haombi nafasi, anakula haki ya mtu. Bodi yenye kanuni mkononi, ripoti ya kamisaa mezani, kamera uwanjani na wahusika wote ndani ya jiji moja, ni tajiri au ni maskini? Na hapa ndipo neno subira linapotumiwa vibaya. Subira ni amali ya yule anayesubiri. Ni yeye anayeichagua na malipo yake yako kwa Mola wake. Anayedaiwa hana mimbari ya kumhubiria subira anayemdai.

Yapo mambo mazito yaliyoamuliwa kwa wakati, kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Mapema mwaka 2016, katika Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold waliifunga JKT Kanembwa 8-0 na Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0, siku ambayo kila bao lilikuwa na thamani ya kupanda Ligi Kuu. Kila mtu alinusa. Kupanga matokeo ni jambo gumu kulithibitisha kuliko geti kufungwa. Hata hivyo ilipofika Aprili mwaka huo huo timu zote nne zilikuwa zimekwisha shushwa daraja, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Mwaka uliofuata Mbao ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Tofauti ni kwamba hazikuwa Simba na Yanga. Sitaki kuwa mtu wa kushuku, lakini hakimu ambaye kasi yake inategemea ukubwa wa aliyesimama mbele yake anataka kuangaliwa kwa karibu.

Na hukumu ikichelewa sana hufika ikamkuta mwenye nayo hayupo. Agosti 2020 kamati ya TFF iliamua kwamba Bernard Morrison hafungwi na mkataba wa Yanga, akaenda Simba. Yanga wakakata rufaa CAS. Jibu lilitoka Novemba 2021, zaidi ya mwaka, likiwakatalia. Katika muda huo Morrison alikwisha kucheza msimu mzima Msimbazi na kuchukua ubingwa. Hata kama CAS ingewapa Yanga haki, ingewapa nini? Mwaka 2022 mchezaji huyo huyo akarudi Yanga, na waliokuwa wakimtukana wakaenda kumpokea. Hapo hukumu ilikuwa imebaki karatasi.

Wenzetu wa nje nao wanalia kilio hiki. Uingereza, Manchester City walisomewa mashtaka zaidi ya 100 Februari 2023, na kikao cha kuyasikiliza kikaanza Septemba 2024, miezi 19 baadaye. Marekani michezo ya vyuo vikuu ina chombo chake cha uchunguzi, na huko ubaya wa kuchelewa unaonekana wazi zaidi kwa sababu mwanafunzi hakai chuoni milele. Reggie Bush aliondoka Chuo Kikuu cha Southern California mwanzoni mwa 2006. Adhabu kwa ajili ya manufaa yaliyokatazwa aliyoyapata ilitoka Juni 2010. Timu ikazuiwa mechi za baada ya msimu kwa misimu miwili. Nani aliyezuiwa? Vijana ambao Bush alipokuwa akicheza wao walikuwa shule za sekondari. Mkosaji alikuwa anacheza mpira wa kulipwa mbali na hapo. Mizani ilisimama sawa, ila kwenye sahani hakuwamo aliyepaswa kupimwa. Chuo kile kina mawakili na fedha, na bado mambo yalikuwa hivyo.

Kitu ninachokihofia zaidi, kuliko pointi na kuliko nauli, ni kile kinachoota ndani ya kichwa cha kijana. Siku ya tatu ya kukaa kwangu Matongo nilimsikia yule wa Simba akimwambia nduguye kwamba kanuni hazina maana, muhimu ni kuwa na watu. Ana miaka 16. Shemeji, ambaye anamfundisha uraia darasani, alikuwa amekaa pale pale na hakumjibu. Nilimwuliza baadaye kwa nini alinyamaza. "Shemeji," akaniambia, "ningemjibu nini? Ningemwambia asubiri uchunguzi?"

Mtu akikata tamaa ya kupata hukumu haachi kuhukumu. Anaanza kujihukumia mwenyewe. Huko Mara wanalijua hilo vizuri, maana migogoro ya mipaka ya koo na ya mifugo iliyokaa bila ya kuamuliwa imewahi kuamuliwa kwa mapanga. Wala si Mara tu. Mjini kwetu mwizi wa simu anauawa mbele ya kituo cha polisi, na wanaomwua ukiwauliza watakwambia akipelekwa ndani atatoka kesho. Si kwamba mpira ndio uliowafundisha. Lakini ni somo lile lile, kwa mwalimu mwingine.

Mechi yenyewe ilichezwa Juni 25, 2025, siku 109 baada ya tarehe yake, kwa mwamuzi kutoka Misri. Yanga wakashinda 2-0 na kuchukua ubingwa. Waliocheza walicheza vizuri na sina la kuwatoa. Ila kabla ya hapo, katikati ya mwezi huo wa Juni, mwenyekiti wa Bodi ya Ligi alikuwa amejiuzulu na mtendaji mkuu wake kuwekwa kando, jambo ambalo Yanga walikuwa wakilidai kwa muda mrefu. Hazikupita wiki mbili mpira ukawekwa katikati. Kama wiki mbili zilitosha, ile miezi mitatu na zaidi iliyotangulia ilikuwa inachunguzwa nini?